Naomba ushauri: kubaki Nikon au kuhamia Sony?

Wakuu, nina kamera ya Nikon D750, lenzi ya 70-200mm f/2.8 ya AF-S (yenye mota yake ya fokasi) na ya 85mm f/1.8D (isiyo na mota), kazi ni harusi. Nikibaki Nikon nitahamia kamera zake za Z, zisizo na kioo, lakini adapta ya FTZ ya kuzivisha lenzi zangu haina mota ya fokasi: AF-S itafokasi yenyewe, lakini 85mm D hutegemea mota ya bodi, hivyo itabaki ya kuzungusha kwa mkono. Bibi harusi akiingia ukumbini, hilo halivumiliki.

Sony waliwafungulia watengenezaji wa lenzi maelezo ya maunti ya E (sehemu ya kufungia lenzi kwenye kamera zao) mwaka 2011, ndiyo maana Sigma na Tamron zimejaa huko. Lakini kuhama ni kuuza hata flashi.

Njia ya tatu: Z ina milimita 16 kutoka maunti hadi sensa, E 18, kwa hiyo adapta nyembamba ya milimita 2 inatosha kuvisha Z lenzi za Sony. Aliyeitumia ukumbi wenye giza, fokasi endelevu (ya kumfuata anayetembea) inashika?