Bango linasema elfu kumi, getini elfu ishirini: waandaaji wa shoo Kigoma mmetuzidi

Wakuu, heshima kwenu.

Hili nimekaa nalo tangu sikukuu ziishe, nikidhani hasira zitapoa. Hazijapoa. Nafungua uzi huu kwa wana Kigoma wote, wa Mwanga, Gungu, Ujiji, Katonga, Kibirizi, hadi ndugu zetu wa Kasulu na Uvinza wanaopanda gari kuja mjini wakisikia kuna msanii anakuja. Viingilio vya shoo hapa kwetu vimekuwa wizi wa mchana kweupe, na tukinyamaza mwaka huu vitapanda tena.

Bei kupanda peke yake ningeimeza. Mafuta yamepanda, nyumba za wageni zimepanda, mchele umepanda. Kinachonitoa roho ni bei kutangazwa moja na kutozwa nyingine. Gari la matangazo limezunguka wiki nzima na spika juu, redio inarudia kila baada ya nyimbo mbili: kawaida elfu kumi, VIP elfu thelathini. Watu wanapiga hesabu zao. Dada wa saluni anaweka pembeni, kijana wa bodaboda anabana elfu mbili mbili za jioni. Siku yenyewe mnafika uwanjani saa tatu usiku, mnakuta kipande cha boksi kimefungwa kwa waya getini, kimeandikwa kwa maka peni: KAWAIDA 20,000.

Nilimuuliza kijana wa getini, "Mdogo wangu, mbona redioni mmesema elfu kumi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Mzee, elfu kumi zilikuwa za mapema, zimeisha. Unalipa au unapisha wenzako?"

Za mapema ziliuzwa wapi? Duka lililotajwa redioni ni la jirani tu na ninapofanyia kazi. Kila ukipita kuulizia unaambiwa mzigo bado haujafika. Haukufika mpaka siku ya shoo. Kwa hiyo hiyo elfu kumi ilikuwa chambo, kazi yake ilikuwa kututoa nyumbani tu.

Na hapa ndipo ukatili wa mchezo huu ulipo. Wanajua umeshavaa, umeshalipa boda, umekuja na mkeo na shemeji yako, watoto umewaacha kwa jirani. Wanajua wengi watajikamua tu walipe. Mbele yangu kulikuwa na kijana na mchumba wake, wametoka Mwandiga, na mkononi ana noti mbili za elfu kumi alizozikunja pamoja. Zilikuwa za wawili. Akatoka kwenye foleni, akasimama pembeni anapekua mifuko, binti anatazama chini. Baadaye sikuwaona tena. Huyo mwandaaji aliyemtia kijana wa watu aibu ile mbele ya mchumba wake alipata faida gani zaidi ya elfu ishirini?

Sasa tuangalie hiyo tiketi yenyewe. Ni karatasi ya fotokopi, imegongwa mhuri wa bluu, basi. Haina namba. Haina kishina cha kuchana. Unampa wa geti la pili, anaipokea nzima, anaitia kwenye mfuko wa rambo. Nilisogea pembeni kumsubiri shemeji, nikauona ule mfuko unarudishwa mezani kwa anayeuza, na karatasi zile zile zinauzwa upya. Nimeona kwa macho yangu. Kwa hiyo hakuna anayejua waliingia watu wangapi. Halmashauri haijui, mdhamini hajui, hata msanii aliyekubaliana alipwe kwa mgao hajui.

Ndani sasa. Zamani shoo za mji huu kawaida ulikuwa unasimama mbele, ukitaka kumwona msanii unasogea. Siku hizi mbele yote ni meza. Meza ya watu kumi na vinywaji vyake milioni moja, nyuma yake viti vya VIP, nyuma yake uzio wa mabati, ndiyo uje wewe wa elfu ishirini, nyuma ya jukwaa la mafundi mitambo, unatazama migongo ya spika na taa. Na meza zenyewe nusu zilikuwa tupu! Watu wamebanana mpaka mama mmoja akawa anambeba mwanawe begani asikanyagwe, na hatua kumi mbele kuna viti vyeupe havina mtu, mabaunsa wamesimama kuvilinda.

Maji ya kunywa hairuhusiwi kuingia nayo. Chupa ndogo ya shilingi mia tano unanyang'anywa getini, ndani unauziwa elfu mbili.

Msanii akapanda saa tisa usiku. Nyimbo nne. Na zile nne aliweka wimbo wake mzima unapiga na sauti yake mle ndani, yeye anaitikia mwishoni mwa mistari na kutuambia tunyooshe mikono. Bango liliandika "laivu". Hakukuwa na mpiga gitaa hata mmoja.

Najua watakuja watu hapa kuniambia Kigoma ni mbali, gharama ni kubwa. Nakubali. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,200, mitambo inakuja kwa lori, msanii anataka ndege na malipo ya awali, kuna ukumbi, kuna vibali, kuna ulinzi. Lakini gharama zote hizo mwandaaji alizijua kabla hajachapa bango. Lori halikupandisha nauli saa tatu usiku. Kama hesabu yake inataka elfu ishirini, aandike elfu ishirini tuamue wenyewe nani anaweza na nani abaki nyumbani. Na jukwaa zima lilikuwa limepambwa kwa nembo za wadhamini, nao hawakutoa bure.

Wengine watasema kodi. Kodi gani, wakati tiketi haina namba na hujapewa risiti ya mashine? Mimi nikiuza kava la simu la elfu tano bila risiti natafutwa. Huyu amekusanya mamilioni kwa usiku mmoja kwenye boksi la viatu.

Wengine watasema mji hauna watu, lazima wachache walipe sana. Uwanja wa Lake Tanganyika ulibeba fainali ya Simba na Yanga ya Kombe la Shirikisho Julai 2021, watu wakaja kutoka kila pembe. Mji huu una watu. Hauna watu wa elfu ishirini kila mwezi. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali kimepanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, na huyo hapa kwetu ndiye anayehesabika ana uhakika. Akikaa VIP na mkewe kwa bei mpya ya getini, ambayo usiku ule ilikuwa elfu hamsini, ameacha pale laki moja, moja ya tano ya mshahara, hajanywa hata soda. Sasa mpakuzi wa dagaa pale mwalo wa Kibirizi, anayelipwa kulingana na boti zilizoingia, ataipata wapi?

Halafu kuna hili la "hata Ulaya wanafanya". Ndiyo, wanafanya, na watu wanapiga kelele. Agosti 2024 Uingereza, tiketi za kusimama za bendi ya Oasis zilizotangazwa karibu pauni 150 mashabiki walizikuta zaidi ya pauni 350 baada ya kukaa foleni ya mtandaoni saa kwa saa. Hawakuambiwa wazoee. Mamlaka ya ushindani ya nchi ile ilifungua uchunguzi. Sisi nasi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji. Kutangaza elfu kumi isiyouzwa popote kama si kupotosha ni nini?

Na wasanii msijifiche nyuma ya mapromota. Machi 2023 Robert Smith wa bendi ya The Cure aliona ada za Ticketmaster, kampuni ya kuuza tiketi, kwenye baadhi ya tiketi zake za bei ya chini zinazidi bei ya tiketi yenyewe. Akasema hadharani kwamba hapana. Kampuni kubwa namna ile ikarudisha dola 10 kwa walionunua tiketi za chini na dola 5 kwa wengine. Msanii mmoja, mdomo wake tu. Huku kwetu mwaka 2012 akina Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex na wenzao wenye asili ya mkoa huu waliungana wakajiita Kigoma All Stars, na tuliwashangilia kwa sababu walikuwa wanausema mji wetu kwa jina. Wapo wengi waliotoka hapa leo wana majina makubwa. Kipengele kimoja tu kwenye mkataba, kwamba bei ya bango ndiyo bei ya getini na tiketi iwe na namba, kinawagharimu nini?

Ninachotaka mimi kinaeleweka. Tiketi zichapwe na namba, ziuzwe mapema sehemu zinazojulikana, na anayeomba kibali aandike idadi na bei, afisa utamaduni wakati wa kutoa kibali abaki na nakala. Siku ya shoo akija mtu na boksi la maka peni, kibali kifutwe pale pale na watu warudishiwe pesa. Meza ziwekwe pembeni. Wenye milioni wana macho kama sisi, wataona tu kutoka pembeni.

Mliokuwepo usiku ule, kama bado mna ile karatasi ya mhuri wa bluu, ipigeni picha muiweke hapa chini, na kama mlipiga picha ya lile boksi getini pia leteni. Na mwandaaji, najua unasoma, maana vijana wako wamo humu kila siku wanatangaza shoo ya Pasaka. Usije na maneno ya ujumla kuhusu kukuza burudani mkoani. Tujibu kwa namba: tiketi za elfu kumi mlichapa ngapi, na ziliuzwa duka gani?