Mafundi umeme wa magari Dar, pimeni kwanza! Nimebadilishiwa spea miezi minne, ubovu ulikuwa waya mmoja wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na injini)

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi.

Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A, ninayo mwaka wa tisa. Ilianza kuzima yenyewe barabarani. Inakwenda vizuri, ghafla kimya. Ukikaa dakika kumi inawaka, unaondoka, kesho yake tena.

Mwezi uliopita ilinizimikia Barabara ya Mandela, sijafika Buguruni, binti yangu yuko kiti cha nyuma na semitrela la bandarini liko mgongoni kwangu. Ambaye hajawahi kuzimikiwa hajui: usukani unakuwa mzito, na breki ukishakanyaga mara mbili tatu pedali inakaza kama umekanyaga jiwe. Vijana wa bodaboda ndio walionisukuma pembeni, Mungu awabariki. Mtoto alilia mpaka tunafika nyumbani.

Na wakati huo nilikuwa nimeshalipa mafundi watatu!

Wa kwanza alisikiliza nusu ya maelezo akasema, "Bosi, hiyo pampu ya mafuta." Tukafunga pampu. Siku ya tatu ikazima. Wa pili alichomeka mashine, haikutoa namba yoyote ya hitilafu, bado akasema distributa, ile inayogawa cheche kwenye plagi. Ya mtumba kutoka eneo la Gerezani, 180,000. Wa tatu, oltaneta, inayozalisha umeme wa gari. Wa nne alipotaja kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, nilichukua funguo zangu nikaondoka. Spea peke yake ni 610,000, ufundi sijahesabu. Katika wote hao hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Hata mmoja!

Dalili niliwatajia zote. Taa zinafifia nikiwasha AC. Stata inazunguka kwa uzito injini ikiwa ya moto. Mshale wa mizunguko unaanguka sifuri wakati gari bado inaserereka kwenye gia. Gari inayokosa mafuta hukohoa na kusitasita kwanza, ndipo ife. Yangu ilikuwa inakatika papo hapo, na huo ni umeme. Fundi umeme anashindwaje kulisikia hilo?

Nikanunua mita Kariakoo, 25,000. Asubuhi betri volti 12.6, nzima. Nikawasha injini, taa kubwa na feni: kwenye betri 12.9, lakini kwenye oltaneta yenyewe 14.2. Kwa hiyo umeme unazalishwa, unapotelea njiani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini. Hapo haitakiwi kuzidi 0.2. Yangu ilisoma 1.3! Kipimo hicho hakimalizi dakika tano.

Waya wa ethi unaotoka betri kwenda kwenye gia boksi kwa nje unaonekana mzima kabisa. Nilipochana gamba, shaba imeoza, kijani tupu, zimebaki nyuzi chache za kuhesabu. Naishi Kunduchi, upepo wa chumvi unakula kila kitu. Kontroboksi na distributa zote zinategemea ethi ya injini, kwa hiyo nyuzi zile zikipata moto na mtetemo, cheche zinakatika. Waya mpya mnene na vichwa vyake, 15,000. Nikasugua bati mpaka ling'ae, nikafunga. Sasa mita inasoma 0.05 na wiki ya tatu hii haijazima.

Jumamosi nilirudi kwa yule wa pili nikiwa na ule waya uliooza mkononi. Nikamwomba anirudishie distributa yangu ya zamani, maana ilikuwa nzima, achukue yake. Akanijibu spea ikishafungwa hairudi. Nikamwambia sawa, pesa kaa nayo, nipe tu distributa yangu.

Keshaiuza.