Shedi ya taa isiyoshika moto haraka: kitenge, gugumaji, poliesta au sufu?

Mkaazi wa Mamboleo
Habari zenu wanajukwaa. Natafuta shedi mbili za kitambaa, moja ya chumba cha mama yangu mzazi na nyingine ya watoto. Mama ni mzee, hulala taa ikiwaka usiku kucha, na meza ya taa iko karibu na neti ya mbu. Ndiyo maana suala la moto nimelitanguliza kabla ya rangi na bei.

Nimezunguka Kibuye na maduka ya barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu. Kuna fundi anayeshona shedi za kitenge kwa oda. Kuna zile za gugumaji lililokaushwa zinazosukwa Dunga, nzuri sana. Dukani nimeona ya poliesta kutoka nje, boksi limeandikwa kitambaa kinazuia moto, lakini halina namba yoyote ya kipimo. Halafu dada yangu aliye Molo anasema tununue sufu nzito tushone wenyewe juu ya fremu. Ninyi mngemwekea mzazi wenu ipi?

Fundi Stima Kondele
Dada, kwanza niambie ndani kuna balbu gani. Ile ya zamani yenye waya ndani, stima nyingi inayokula hutoka kama joto, mwanga ni kidogo tu. Ya wati 60 ikishawaka kwa muda huwezi kuishika, na halojeni ni kali zaidi. LED ya wati 9 inakupa mwanga wa karibu lumeni 800, sawa na ile ya 60, na joto lake ni dogo sana. Hilo joto kidogo hukaa kwenye shingo karibu na holda, kwa hiyo shedi iwe wazi juu na chini, hewa ipite.

Nimeitwa nyumba kadhaa kuangalia shedi zilizobabuka. Mara nyingi unakuta pete ya shedi imeandikwa mwisho wati 40, mtu ameweka 100 kwa sababu chumba kina giza. Au holda imelegea, pini hazishiki vizuri, inapiga cheche ndani na plastiki yake inageuka rangi. Cheche za holda hakuna kitambaa kitakachozitibu. Ukisikia taa inalia au inapepesa, zima, toa plagi, ita mtu abadilishe holda.

Mwalimu wa Kemia, Njoro
Fundi amesema kweli kuhusu balbu. Mimi niseme kuhusu nyuzi za kitambaa, maana zinatofautiana sana.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Pamba huendelea kuwaka hata oksijeni ikiwa asilimia 18 tu, kwa hiyo chumbani kwako ina hewa ya kuitosha na kubaki. Sufu inahitaji kama 25, na kuiwasha kunataka joto la karibu nyuzijoto 600 za Selsiasi, ndiyo sababu ukiitoa kwenye moto hujizima. Poliesta ya kawaida iko mpakani, kama 20 au 21, lakini huyeyuka karibu nyuzi 260 na kudondosha matone yanayoweza kuwa yanawaka. Fikiria matone hayo juu ya neti.

Ila dada wa Mamboleo, angalia sana hiyo "sufu". Blanketi nyingi sokoni ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki, laini na zenye joto, lakini akriliki huwaka vibaya. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa koleo nje ya nyumba juu ya beseni la maji, ziwashe. Sufu halisi hunuka nywele zilizoungua, hujizima, na majivu yake meusi unayasaga kwa vidole yakishapoa. Pamba huwaka moja kwa moja, hunuka karatasi, huacha majivu laini ya kijivu. Akriliki na poliesta huacha donge gumu lisilosagika.

Msusi wa Dunga
Mimi ndiye ninayesuka hizo za gugumaji, au mmoja wao. Sitakuficha: gugumaji kavu ni jani, likishika moto linawaka kama makuti. Wateja wangu nawaambia waweke LED tu, waitundike darini mbali na pazia, na wapanguse vumbi, kwa sababu vumbi nalo huwaka. Kwa meza ya mgonjwa au mzee kando ya neti, usinunue yangu. Yangu inunue kwa ajili ya sebuleni.

Mama Pacha Kakamega
Nimesoma mahali kwamba kitenge ukikiloweka kwenye boraksi, ule unga mweupe wa kufulia, kinakuwa hakishiki moto. Kuna aliyejaribu? Kitenge ndicho rahisi kupata huku.

Mwalimu wa Kemia, Njoro
Ni mbinu ya zamani na inafanya kazi kwa pamba: boraksi sehemu 7, asidi ya boriki sehemu 3, huyeyushwa kwenye maji ya moto. Lakini dawa hiyo haishikamani na uzi. Ukifua mara moja imeondoka, unaanza upya. Pia Ulaya imeziweka boraksi na asidi ya boriki miongoni mwa kemikali zinazodhuru uzazi, kwa hiyo mimi nisingeitumia chumba cha watoto, mahali mkono unagusa kitambaa kisha unaingia mdomoni. Na vitenge vingine sokoni ni poliesta tupu, hata dawa yenyewe haivisaidii. Vijaribu kwa uzi kwanza.

Mshonaji wa Mapazia, Nakuru
Kuna njia ya tano ambayo haijatajwa. Poliesta si zote sawa. Ipo ambayo kizuia moto kimewekwa ndani ya uzi wenyewe kiwandani, si kupakwa juu, kwa hiyo haitoki kwa kufua. Trevira CS ya Ujerumani ni mojawapo. Hutumika kwa mapazia ya hoteli na hospitali. Sisi washonaji tukimaliza kazi za namna hiyo hubaki na vipande, na shedi haihitaji kitambaa kingi. Uliza mafundi wa mapazia hapo Kisumu wanaofanya kazi za hoteli.

Muulize muuzaji karatasi ya kipimo. Kwa kitambaa cha kuning'inia utaona BS 5867 ya Uingereza, NFPA 701 ya Marekani, au B1 ya Ujerumani. Kwa taa yenyewe ni kiwango cha kimataifa, IEC 60598. Kipimo kimoja humo ni waya uliopashwa hadi nyuzi 650 na kugusishwa sehemu ya taa kwa sekunde 30. Moto ukizuka lazima uzime ndani ya sekunde 30 baada ya waya kuondolewa. Boksi lenye maneno matupu bila namba, mimi naliacha dukani.

Na usisahau ile plastiki ngumu ya ndani ambayo kitambaa hubandikwa juu yake. Kitambaa kizuri juu ya plastiki mbovu hakikusaidii.

Mkaazi wa Mamboleo
Asanteni sana. Msusi, Mungu akubariki kwa kusema wazi. Nimejaribu nyuzi za blanketi lililokuwa hapa nyumbani, limeacha donge gumu. Dada atatuma sufu halisi. Swali moja kwa fundi: stima ikipotea mama huwasha mshumaa na kuuweka hapo hapo mezani, pembeni ya taa. Je, ni salama?

Fundi Stima Kondele
Huo mshumaa ndio hatari kubwa kuliko yote tuliyojadili, ondoa leo. Moto wake unapita nyuzi 1000, na joto lake hupanda juu moja kwa moja, penye shedi na neti. Hata sufu usiiamini hapo. Koroboi hali kadhalika. Nunua balbu ya LED yenye betri ndani, stima ikipotea inaendelea kuwaka yenyewe. Hiyo nayo isifungiwe kwenye shedi iliyozibwa juu, betri haipendi joto.

Tako la taa liwe zito. Lile jiwe la Kisii linalochongwa Tabaka ni zuri, haliungui na mama akiligusa gizani halipinduki kirahisi.

Mama Pacha Kakamega
Na ya watoto? Mimi naona kitenge cha pamba na LED, ikiwa imetundikwa darini wasipofikia, kinatosha.

Mwalimu wa Kemia, Njoro
Darini nakubali. Mezani kwa watoto sikubali, watoto hufunika taa kwa nguo.

Mshonaji wa Mapazia, Nakuru
Dada, sufu ikifika ifue na uikaushe kabla ya kukata, maana hujikunja ikilowa. Chagua rangi ya maziwa, sufu nzito ya rangi nyeusi itameza mwanga wote. Usitumie gundi ya moto kwenye pete, huyeyuka. Shona kwa mkono, kwa uzi wa sufu hiyo hiyo au wa pamba. Nitumie kipenyo cha pete ya juu na ya chini nikukatie patani ya karatasi.