Seva ya SACCO inaishiwa memori kila umeme ukiyumba: ni udhaifu wa kerneli? Naomba ushauri

Fundi wa Tororo

Habari za kazi wakuu. Nasimamia seva ya SACCO moja hapa Tororo. Ni Debian 12 (toleo la Linux), hifadhidata ni MariaDB, na data zimekaa kwenye kasha la diski lililounganishwa kwa iSCSI (njia ya kutumia diski kupitia mtandao) kupitia swichi. Umeme ukiyumba, swichi inazimika, diski zinapotea, kisha muunganisho unarudi wenyewe. Hadi hapo sawa. Shida ni kwamba kila ukikatika, memori iliyotumika inapanda na haishuki tena, mpaka kerneli (kiini cha Linux kinachogawa memori) inaanza kuua programu, na anayeanza kuuawa ni MariaDB. Wanachama wako foleni, keshia hana la kuwaambia. Inaniuma, maana wengi ni wakulima waliotoka mbali kufuata akiba yao.

Kwenye `top`, inayoonyesha memori ya kila programu, ukijumlisha zote hazifiki hata nusu ya memori. Nimesoma kuhusu udhaifu wa kuvuja kwa rasilimali katika sehemu ya hifadhi ya kerneli. Ndio huu? Meneja naye anauliza kama ni suala la usalama au hitilafu tu, kwa sababu hataki seva izimwe.

Mbale_Net

Pole ssebo. Ongeza RAM. Pia weka `drop_caches` kwenye cron (kipanga kazi za muda) iwe inasafisha kila saa.

Dada Kerneli

Kaka wa Mbale, hapo sikubaliani nawe. `drop_caches` inaachia kashe ya faili na vile ambavyo kerneli yenyewe inajua inaweza kuvirudisha. Kilichovuja hakimo humo. RAM zaidi itachelewesha tu siku ya kuanguka.

Fundi, fungua `/proc/meminfo` utazame mistari miwili ya memori ya kerneli: SReclaimable (inayoweza kurudishwa) na SUnreclaim (isiyoweza). Wa kwanza ukipanda usihangaike. Wa pili ukipanda kila diski zinapokatika na usishuke, kerneli inavuja. Kisha endesha `slabtop -s c` uone ni kundi gani linavimba.

Programu ya kawaida ikivuja, ukiifunga memori yote inarudi. Ya kerneli haina mwenyewe wa kufungwa. Draiva (sehemu ya kerneli inayoendesha kifaa) inaomba memori ili ianze kuunganisha diski, hatua ya katikati inashindwa, nayo inatoka kupitia njia ya makosa bila kurudisha ilichochukua. Ni kama mpangaji aliyehama na ufunguo: chumba kitupu, lakini humpangishi mtu mwingine. Kasoro hizi hujificha kwenye njia za makosa kwa sababu waandishi wa kodi hujaribu zaidi njia ya mafanikio. Kwetu huku umeme ndio unaozijaribu.

Fundi wa Tororo

Asante sana dada. Nimetazama. SUnreclaim ndiyo inayopanda, na kwenye `slabtop` kundi linalovimba ni kmalloc-512 (vipande vya memori vya baiti 512). Nilichomoa waya wa kasha kwenye mashine ya majaribio, nikarudisha, ikapanda. Nikarudia, ikapanda tena.

Mzee wa Arua

Hapo umeshapata ushahidi, mwanangu. Kwa meneja sema hivi: ni suala la usalama. Usalama ni siri ya data, usahihi wake, na kupatikana kwake. Uvujaji huu hautoi siri za wanachama nje, ila unaua upatikanaji. Udhaifu wa namna hii ukihitaji mtu aliye ndani ya mashine, mara nyingi hupewa alama ya ukali 5.5 kati ya 10, na watu wakiona 5.5 wanapuuza. Alama hiyo haijui kama dirishani kuna foleni. Na kama wanafunzi wa mafunzo kazini wana akaunti kwenye seva hiyo, ziondoe leo. Anayeweza kusababisha hitilafu irudie makusudi anaweza kuwaangusha saa anayotaka.

Usitishwe na wingi wa CVE (namba za kutambulisha udhaifu). Tangu Februari 2024 mradi wa Linux unatoa namba hizo wenyewe, na marekebisho mengi hupata yake. Chagua zinazogusa draiva unazotumia.

Dada Kerneli

Naongezea. Usihukumu kwa namba ya toleo. Debian 12 inabaki kwenye 6.1 na marekebisho yanaletwa humo humo, kwa hiyo ukiona 6.1 usidhani ni ya zamani. Tafuta namba ya CVE kwenye orodha ya udhaifu ya Debian, itakuambia imerekebishwa kwenye kifurushi kipi. Hakikisha `linux-image-amd64`, kifurushi kinachovuta kerneli mpya, imo. Kama mtu aliiondoa, kerneli mpya haziji hata ukisasisha kila siku. Baada ya kusasisha endesha `uname -r` uone kerneli inayofanya kazi sasa: kerneli mpya iliyolala kwenye diski haikulindi mpaka uwashe upya.

Busia Mtandao

UPS iko kwa seva peke yake? Weka swichi na kasha la diski pia. Haitibu, ila inapunguza mikatiko.

Fundi wa Tororo

Wakuu, mrejesho. `linux-image-amd64` kweli haikuwepo. Nimeiweka kwenye mashine ya majaribio, nikawasha upya, nikachomoa waya na kurudisha mara nyingi. SUnreclaim imetulia pale pale. Swichi nimeshaihamishia kwenye UPS. Meneja amekubali tuzime seva Jumamosi jioni tukishafunga. Kerneli mpya ikigoma kuwaka nifanyeje?

Mzee wa Arua

Ya zamani usiifute. Kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mashine) ingia chaguo za ziada, uichague, mtafanya kazi Jumatatu wakati unatafuta sababu. Chukua nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa chochote, iweke nje ya kasha hilo, na uijaribu kuirejesha kwenye mashine ya majaribio. Uwe na kibodi na skrini karibu; GRUB huifikii kwa SSH (kuingia kwenye mashine kutoka mbali).

Fundi wa Tororo

Nimepokea mzee. Nakala naanza leo usiku.