Nikiandika Chang'ombe inatoka Changómbe: kibodi imekufa au ni Windows?

MchapajiTemeke
Wakuu, habari za kazi. Nina steshenari ndogo hapa Chang'ombe, Dar es Salaam. Nachapa barua, wasifu na mikataba ya upangaji. Nimenunua laptop ya mtumba yenye Windows 11, nzima kila kitu ila jambo moja linaninyima raha: nikibonyeza ritifaa (alama ya '), haitokei. Nikigonga herufi inayofuata ndipo naiona imekaa juu ya irabu. Ng'ombe inakuwa ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, Murang'a inakuwa Murangá. Nukuu nazo ni vurugu tupu. Nikifungua nukuu nianze na Asante napata Äsante, alama yenyewe imemezwa. Halafu ajabu, Nyang'hwale inatoka sawasawa!

Fundi wa jirani anasema kibodi ibadilishwe. Siamini, maana herufi zote zinaingia vizuri. Nauliza kwa uzito kwa sababu majina ya watu yanapita mikononi mwangu. Jina lenye ng' kwenye cheti cha kuzaliwa likitoka tofauti kwenye maombi ya kazi, atakayesumbuliwa ni mteja, pengine mpaka aende kwa wakili kuapa kwamba majina yote mawili ni yake. Sitaki hilo limpate mtu kwa karatasi iliyotoka kwangu.

Fundi_Moro
Dada, usitoe hela ya kibodi. Angalia kona ya chini kulia, karibu na saa. Nina hakika utakuta ENG na chini yake INTL. Huo ni mpangilio wa United States-International, uliowekwa ili mwenye kibodi ya Kimarekani aweze kuandika Kifaransa, Kihispania au Kireno. Humo ritifaa, nukuu na alama za ` ^ ~ huwa zinangoja. Windows inaishikilia alama mpaka ione herufi inayofuata. Ikija irabu, inaziunganisha. Ikija c baada ya ritifaa, unapata ç. Ikija h hakuna cha kuunganisha, kwa hiyo inazitoa zote mbili, na ndiyo maana Nyang'hwale imepona. Sisi tunaumia sana kwa sababu ng' yetu karibu kila mara inafuatwa na irabu.

Nenda Settings, Time & language, Language & region. Kwenye English (United States) bonyeza vidoti vitatu, uchague Language options. Shuka mpaka Keyboards, ongeza US, ndipo uondoe ile ya International. Anza kwa kuongeza, maana ikiwa imebaki peke yake haitakubali kuondoka. Na kama mteja amesimama mbele yako sasa hivi: ritifaa, kisha spesi, kisha o.

Mhariri_Buja
Fundi yuko sahihi, ila kwenye kuondoa mimi sikubaliani naye kwa kila mtu. Niko Bujumbura, nahariri Kiswahili asubuhi na Kifaransa jioni, na INTL naihitaji: AltGr (Alt ya kulia) na e inanipa é, AltGr na mkato (,) inanipa ç. Nimeiacha pamoja na US, nabadilisha kwa Windows na spesi. Dada, kama wateja wako hawaleti Kifaransa, iondoe kabisa, maana ukiacha mipangilio miwili, kidole kikiteleza kwenye vitufe vya kubadilishia unaweza kujikuta umerudi kulekule katikati ya mkataba.

MchapajiTemeke
INTL ilikuwepo kweli! Nimeongeza US, nimeiondoa ile nyingine, na Chang'ombe sasa inatoka kama ilivyo kwenye kibao cha barabarani. Ahsanteni sana, ndugu zangu. Limebaki moja: nina mafaili ya Word niliyochapa kabla ya leo, na baadhi ya wenyewe hawajaja kuchukua. Nayasafishaje bila kusoma mstari kwa mstari?

Fundi_Moro
Bonyeza Ctrl na H, ifunguke Find and Replace. Tafuta ngó, badilisha iwe ng'o, na uweke tiki kwenye Match case. Rudia kwa á, é, í na ú, kisha kwa Ngó na NGÓ. Hizo herufi huwezi kuzigonga moja kwa moja kwa mpangilio wa US, kwa hiyo zinakili kutoka humuhumu kwenye faili. Usibonyeze Replace All kwenye majina, pita moja moja ukiwa na nakala ya cheti mkononi.

Nukuu zinataka jicho. Tafuta Ä, Ë, Ï, Ö na Ü, kubwa na ndogo, urudishe alama iliyomezwa. Kuna na jingine ambalo wengi hawalioni: kwenye INTL spesi ya kwanza baada ya nukuu huliwa, inatumika kuitoa alama tu. Kwa hiyo kila ulipofunga nukuu ukaendelea na sentensi, huenda neno linalofuata limegandana nayo, kama "Nimepokea"alisema. Hapo tafuta alama ya nukuu yenyewe, upite moja moja mpaka mwisho wa faili.