Nikinunua gereji ya zamani, nani atasafisha oili iliyozama ardhini?

Mkazi wa Mariakani
Hamjambo, ndugu zangu. Niko mbioni kununua kiwanja ambacho kwa miaka mingi kilikuwa gereji ya malori. Juma lililopita fundi alichimba shimo la kupima msingi, na alipofika kina cha magoti udongo ukawa mweusi, unanata kwenye sululu na kunuka dizeli. Muuzaji anasema naye aliikuta hali hiyo aliponunua. Je, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikija itamshika nani: mimi, yeye, au yule wa kwanza ambaye hata jina lake hatulijui?

Wakili Mstaafu
Ndugu Mkazi, tenganisha mambo mawili. Ukinunua hisa za kampuni, umenunua pamoja na madeni na makosa yake, kwa kuwa kampuni ni ile ile hata wenye hisa wakibadilika. Ukinunua ardhi peke yake, kosa la zamani hubaki kwa aliyelitenda. Lakini hilo lisikupe usingizi. Kifungu cha 108 cha sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 kinairuhusu NEMA kumpa mtu yeyote agizo la kurejesha mazingira, na hakisemi kwamba lazima awe ndiye aliyemwaga. Tena, oili ikiendelea kupenya hadi kisima cha jirani ilhali hati ina jina lako, atakayeitwa mahakamani ni wewe, na Ibara ya 70 ya Katiba haimlazimu mlalamishi kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara.

Binti wa Changamwe
Naongezea ya Owino Uhuru, hapa kwetu Mombasa, ambako madini ya risasi yenye sumu kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yalibaki udongoni hata baada ya kiwanda kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024 baada ya rufaa kuutengua. NEMA yenyewe ilibebeshwa asilimia 40 ya fidia hiyo, na mwenye ardhi aliyekikodisha kiwanja, ambaye hakuyeyusha hata betri moja, naye alihesabiwa miongoni mwa wanaowajibika.

Msomaji wa Minnesota
Huku Marekani, sheria ya Superfund ya mwaka 1980, inayohusu kusafisha ardhi yenye taka za sumu, humdai mmiliki wa leo hata kama taka zilimwagwa kabla hajanunua. Marekebisho ya mwaka 2002 yalimpa kinga mnunuzi aliyekagua ardhi kikamilifu kabla ya kununua, mradi baadaye achukue hatua za kuzuia uchafu usienee. Kinga hiyo haivuki bahari, lakini ripoti ya maabara yenye tarehe iliyotangulia mkataba ni ushahidi popote pale.

Wakili Mstaafu
Kweli kabisa. Basi pima udongo na maji ya kisima, kisha mkataba utaje wazi kwamba muuzaji atagharamia usafishaji, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi kazi ikamilike. Ahadi bila fedha iliyozuiliwa haina nguvu, maana muuzaji akishalipwa zote huenda usimwone tena.

Mkazi wa Mariakani
Nashukuru sana. Nilikuwa nilipe arubuni Ijumaa. Nimeisimamisha hadi majibu ya maabara yatoke.