Leseni za Windows na Office: kununua "used" kwa mtu mtandaoni, akaunti ya kushea au za bure? Kwa steshenari ipi inalipa

mama_kopi (Mbeya)
Wadau ugonile, na wale wa Iringa na Njombe kamwene. Nina steshenari ndogo hapa Mwanjelwa, mashine tatu, kazi ni zilezile mnazozijua, CV, barua za maombi, mitihani ya shule za jirani, kadi za michango ya harusi. Juzi mashine ya katikati imeanza kuleta yale maandishi ya kupauka pembeni chini kwamba Windows haijaaktivetiwa, na Office nayo imegoma, inafungua faili ila huwezi kuandika kitu. Ndo nikakumbuka aliyeniwekea alikuwa kijana tu kapita na flashi, nikampa elfu kumi, sijui hata yuko wapi.

Sasa kwenye grupu moja la kuuza na kununua nimekutana na jamaa anauza leseni used, anasema alinunua mwenyewe akabadilisha kompyuta. Windows Pro 25,000, Office ya maisha 30,000, unamtumia hela kwa simu anakurushia namba wasapu. Mwingine anauza akaunti ya Office 15,000 tu, vifaa vitano. Mdogo wangu yeye anasema niache yote niweke LibreOffice ya bure. Nina laki na nusu tu ya hili jambo na msimu wa maombi ya vyuo ndo huo unagonga. Msinitume kununua mpya Dar, bei zake nishaulizia nikanywa maji nikalala.

FundiSoweto
Dada kabla hujatuma hata mia, jiulize baada ya wewe kulipa, yeye anabaki na nini? Ukinunua cherehani used ikitoka kwake imetoka. Hii namba ya herufi 25 akikurushia wasapu bado ipo kwenye simu yake, jioni hiyohiyo anamrushia mtu wa Tunduma na wa Makambako, na wote mtakuwa mmenunua "leseni yake".

Afu leseni hazifanani hata kama namba zinafanana kwa macho. Kuna ile mtu kainunua yenyewe kama yenyewe, hiyo unaruhusiwa kuihamisha kwenye mashine nyingine ukiitoa kwenye ya kwanza. Kuna ya kiwandani, imefungwa na mazabodi, kompyuta ikifa na leseni imekufa, huyo jamaa akikwambia kaitoa kwenye laptopu yake ya zamani ujue anauza kitu ambacho hakihami. Halafu kuna za taasisi, namba moja inaingia mashine nyingi, kampuni au chuo, na hizi ndo zimejaa huko mtandaoni maana mtu wa IT akiiba moja anaiuza mara mia. Ya elfu 25 mi naweka dau langu ni hiyo ya tatu.

Wakati unasubiri wengine, kwenye kila mashine bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dli, enter. Kitatokea kiboksi, utuambie kimeandika nini kwenye mstari wa pili, OEM (ya kiwandani), RETAIL (ya kununua yenyewe kama yenyewe) au VOLUME (ya taasisi).

mzee_wa_kabwe
Mnamtisha mama wa watu bure. Mi nilinunua hizohizo za elfu 20 mwaka wa pili huu inadunda, apdeti zinaingia kama kawa. Nyie mafundi mnataka awaite mkale hela yake

FundiSoweto
@mzee_wa_kabwe sijasema haitawaka mkuu. Itawaka, ndo biashara yao ilipo. Za taasisi ziko za aina mbili. Moja ina hesabu, imepewa idadi fulani ya mashine, ikijaa au mwenyewe akiistukia inazuiwa, inaweza kukaa miaka miwili inaweza kukaa wiki mbili. Ya pili inategemea seva ya taasisi, mashine yako lazima ikapige hodi kule angalau mara moja kila siku 180, isipopata jibu inarudi kuwa haijaaktivetiwa. Sasa wewe uko Kabwe seva ya nani unapigia hodi? Ndo maana wanaweka kale kaprogramu ka kuidanganya mashine kwamba yenyewe ndo seva, na kenyewe kanataka uzime antivairasi kwanza ndo kaingie. Mama anaingiza vyeti na namba za NIDA za watu kwenye hiyo mashine.

mzee_wa_kabwe
Haya. Yangu sijawahi kuzima antivairasi lakini

FundiSoweto
Basi yako ni ya hesabu. Uiombee.

Mhehe_Mpole (Iringa)
Kamwene. Mi nachora ramani za nyumba hapa Kihesa, kwenye AutoCAD nishapita njia hii. Nilinunua "leseni ya kudumu" kwa mtu mtandaoni, laki mbili na themanini, yenye barua na jina la kampuni ya nje. Nimeingiza ikakubali, baada ya miezi minne nimebadilisha hard diski, kuaktiveti upya ikakataa, muuzaji namba haipatikani. Kumbe leseni ya kudumu kuhama lazima mwenye programu abadilishe jina kwenye vitabu vyake, karatasi aliyonipa ilikuwa karatasi tu. Na Autodesk wenyewe AutoCAD za kudumu waliacha kuuza 2016, siku hizi ni za kukodi, kwa hiyo anayekwambia ana ya kudumu ya toleo jipya hapo hapo umuage.

Wauzaji wanapenda kusema "Ulaya ni halali". Nusu kweli. Mwaka 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya kwenye kesi ya UsedSoft na Oracle ilisema leseni ya kudumu inaweza kuuzwa tena, lakini muuzaji wa kwanza lazima aifute kwake isitumike, na huwezi kukata kipande, yaani una leseni ya watu 25 unatumia 10 ukauza 15, hapana. Marekani miaka miwili kabla, jamaa aliyekuwa anauza AutoCAD za zamani eBay alishindwa rufaa, mahakama ikasema alichopewa mnunuzi wa kwanza ni ruhusa ya kutumia, hakununua mali. Na sisi hatuko Ulaya wala Marekani, tuna sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999, na yule muuzaji wa wasapu hajafuta chochote kwake popote pale.

KijanaWaIyunga
Mi naongezea ya magemu, funguo za bei chee zingine zimenunuliwa na kadi za benki za wizi, mwenye kadi akilalamika benki inarudisha hela na kampuni inafuta namba. Januari 2015 Ubisoft walizima namba kibao za namna hiyo, watu waliozinunua kwa wauzaji wa kati hawakujua chochote wakaamka gemu haipo. We uliyenunua mwishoni ndo unabaki na hasara, mwizi kashakula zamani

Afu @Mhehe_Mpole kama una mdogo wako chuoni AutoCAD ya wanafunzi bure ipo ila ni ya kusomea sio kazi za wateja usije ukasema sijakwambia

katibu_vikoba (Njombe)
Mimi niseme kuhusu ile ya akaunti ya 15,000, maana hamjaigusa na ndo mbaya kuliko zote.

Nilinunua mwaka juzi. Wanakupa imeili ndefu ya ajabu, yangu ilikuwa na jina la chuo cha nchi nyingine kabisa, na pasiwedi. Ikafanya kazi vizuri, Word mpya, Excel mpya, nafasi ya kuhifadhi mtandaoni terabaiti nzima, nikasema nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Bila kujua nikawa nasevu hukohuko, maana yenyewe ndo inapendekeza. Daftari la hisa za kikundi, mikopo, faini, mihutasari ya mwaka mzima. Siku moja nafungua inaniambia akaunti haipo. Haijasema pasiwedi sio, imesema HAIPO. Wenye chuo wamesafisha akaunti zao, na kila kitu kimeondoka. Tulikaa wanakikundi kumi na nane jikoni kwangu usiku na baridi yetu hii, kila mtu na kidaftari chake, tukajenga hesabu upya, na kuna elfu arobaini na tano mpaka leo hatujui ni ya nani.

Na kumbuka msimamizi wa hiyo akaunti ana uwezo wa kuingia kwenye mafaili yako. Mama kopi, kwa CV za watu usithubutu.

mzee_wa_kabwe
Pole sana mama. Hiyo kweli hapana

Sokomatola_Boy
ile Office ya kulipia ya familia ya watu 6 je tuchange wadau kila mtu alipe kidogo??

FundiSoweto
Ile ni ya watu wa nyumba moja na ni ya matumizi ya nyumbani, steshenari ni biashara. Ipo toleo la Home and Business, unalipa mara moja, linaruhusu biashara, mashine moja. Nayo used usinunue, maana namba yake ikishatumika mara ya kwanza inajifunga na akaunti ya aliyeitumia, imeisha. Ukinunua, nunua penye risiti ya EFD ili hata TRA wakikuuliza matumizi una cha kuonyesha.

mama_kopi (Mbeya)
Nimerudi. Jamani ndaga fijo, asanteni sana, yaani nimecheka mwenyewe.

Nimefanya ile slmgr. Mashine ya mlangoni, OEM_DM, na iko salama. Ya katikati inayosumbua, VOLUME_KMSCLIENT, ndo ya flashi ya yule kijana. Ya tatu ile desktopu ya zamani nayo VOLUME ila ina stika ya Windows 7 ubavuni.

Na yule muuzaji nimemuuliza kama fundi alivyosema, wewe unabaki na nini. Hakukasirika, kanijibu kwa upole kabisa "dada hizi natoa kwa ndugu yangu ofisini kwao, zipo nyingi, ikifa nakupa nyingine". Sijui nimshukuru kwa ukweli wake ama vipi.

FundiSoweto
Usimtumie. Hiyo KMSCLIENT ndo ile ya kupigia hodi seva. Ile ya katikati ni laptopu eh? Ya mwaka gani? Kama ilitoka kiwandani na Windows 8 kuja juu, leseni yake imo ndani ya bodi, yule kijana alikuwekea Pro juu yake. Weka Windows upya toleo la Home, usiandike namba yoyote, unga intaneti, itajiaktiveti yenyewe. Ulitaka kununua kitu unacho.

Stika ya Windows 7 isahau, mlango wa kuitumia kwenye matoleo mapya ulifungwa 2023. Hiyo desktopu weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, iwe ya kuskani na kuprinti. Na Windows 10, ambayo mashine ya umri huo ndo inaishia hapo, msaada wake umeisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo hata ungeinunulia leseni ungekuwa unavalisha suti mgonjwa.

mama_kopi (Mbeya)
Laptopu ni ya 2019. Mdogo wangu ameiweka Home jana usiku, kwa bando langu la elfu tano, na kweli imejikubali bila namba!!

Imebaki Office. LibreOffice tumeiweka zote tatu, mitihani inatoka safi ila kwenye ile desktopu, ambayo sasa ni Mint, CV za wateja zikija kwenye flashi zinaruka, jina linashuka mstari wa pili, jedwali linavuka ukurasa. Mteja jana kaniambia "mama umeniharibia".

Mhehe_Mpole (Iringa)
Hizo ni fonti. CV nyingi zimeandikwa Calibri, ambayo inakuja na Windows au Office, kwenye Linux haipo. Weka Carlito, ya bure, vipimo vyake ni sawa na Calibri herufi kwa herufi. Times New Roman ina mwenzake Liberation Serif, hiyo inakuja na LibreOffice yenyewe. Na ukimaliza mpe mteja PDF.

katibu_vikoba (Njombe)
Na zile chache zinazogoma kabisa fungua kwenye Word ya mtandaoni, ukiwa na akaunti yako mwenyewe ya Microsoft ni bure. YAKO mwenyewe, nasisitiza.

mama_kopi (Mbeya)
Carlito imesaidia, kati ya saba za leo moja tu ndo imeruka, ile yenye picha ya pasipoti pembeni. Ile laki na nusu nadhani naenda kununulia tona na hard diski ya kuhifadhia. Nani anajua tona ya bei nzuri hapa Mbeya, ila isiwe ya kujaziwa.

mzee_wa_kabwe
Njoo Kabwe. Afu fundi hebu niambie, hiyo slmgr inaandikwa na nafasi katikati au bila?